Wasichana wa Wavu na Debe la Hamisi

Esha mwanangu,

Hali yangu unaijua, kwa hiyo tusiharibu wino kuulizana. Umenipita sasa hivi hapa barazani, ukanisikia nikikoroma, ukaenda zako mjini kuaga mashoga zako. Sikuwa nimelala. Mzee akikoroma saa nane mchana ujue anasubiri watu waondoke. Nimechukua daftari lako moja lenye kurasa tupu, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na nina muda mpaka utakaporudi na midomo yako mikavu kwa kuaga.

Usitegemee nikuambie uvae sweta kwenye basi, wala usile mayai ya barabarani. Hayo mama yako ameyasema mara saba, na shangazi yako wa Temeke atayasema mara ya nane. Mimi nataka tuzungumze juu ya hadithi yako ya mapenzi.

Ndiyo, nimeisoma. Nilikuwa natafuta karatasi ya kusokotea tumbaku, nikakuta daftari chini ya mkeka wako. Nikasema nisome ukurasa mmoja kabla sijauchana. Ukurasa huo ukanivuta kwenye wa pili, mwisho tumbaku nikaivuta kwa gazeti la mwaka juzi. Jihesabu una bahati, maana ni waandishi wachache ambao kurasa zao zimenusurika mikononi mwangu.

Na najua mambo yalivyo. Yule mhariri wa Dar amekuandikia kwamba hadithi imemgusa lakini haiwezi kutoka ilivyo, uende nayo mwenyewe uitengeneze. Mjomba wako Rashidi naye, ambaye kwa desturi yetu ana neno juu yako kunishinda mimi niliyekuzaa (mimi hapa Chilangala ni mgeni tu, nilikuja kuoa nikasahau kuondoka), amesema mbele ya watu wote: "Msimu mmoja. Korosho zikianza kuanguka na hadithi haijatoka gazetini, unarudi kukaa dukani kwangu." Rashidi husema kidogo na hasahau. Basi ni hadithi moja na kiangazi kimoja, na ikishindikana nitakuja kukusalimu ukiwa nyuma ya meza unapima sukari. Ukipima sukari utaipima vizuri, hilo sina shaka nalo. Lakini nimekuona ukiandika, ukiuma ncha ya kalamu, chai inapoa pembeni na nzi anaogelea humo huna habari. Mtu wa namna hiyo dukani atauza mafuta ya taa kwa mtu aliyekuja kununua siki.

Mhariri amesema mambo mawili yamemkera. Kwanza, maji yanapanda mlima kwa sentensi moja. Pili, yule mshindani ni mbaya bila sababu. Ulipoisoma barua yake ulilia siku mbili ukasema, "Baba, huyu mtu hajui mapenzi." Mwanangu, anayajua. Asiyeyajua ni wewe, na kosa si lako, ni langu. Huko nitafika, usinisukume. Kwanza nikukumbushe banda letu la video.

Ulikuwa mdogo, ila utakumbuka. Mwaka ule serikali ilipoiachia korosho, wanunuzi wakaanza kuja na malori yao wenyewe mpaka chini ya miti, na kila mtu hapa akapata wazimu wake. Kuna aliyeongeza mke. Kuna aliyeezeka bati nyumba isiyo na milango. Mimi nilinunua televisheni, deki, na jenereta lililokuwa likikohoa kuliko babu yako. Nikajenga banda la makuti, nikaweka magogo ya kukalia, na kazi yangu ikawa kusimama kando ya televisheni na fimbo nikiwaeleza watu kinachosemwa humo ndani. Kiingereza nilichotoka nacho darasa la nne ni kile cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Lakini Wachina wakipigana, nani anahitaji kamusi? Nilikuwa natafsiri hata kabla hawajafungua midomo.

Kisha yule mwalimu wa hisabati, Mjapani aliyefundisha sekondari hapa na kuwaamkia shikamoo hata watoto wa chekechea, alipomaliza muda wake akaniachia boksi la kanda. Alinipa kwa mikono miwili, akaondoka na basi. Nilipoweka kanda ya kwanza nikakuta katuni. Wasichana wa shule, macho kama sahani, wanacheza mpira wa wavu. Na neno hata moja la lugha ile silijui, na mwenye lugha keshavuka Rufiji.

Nikatangaza kijijini, leo kuna mpira. Wanaume wakajaa. Mpira ukarushwa. Esha, mpira ule ulirushwa na msichana mrefu wa upande wa pili, ambaye mimi palepale nilimwita Mlingoti, na ulikuwa unamwendea msichana mfupi wa upande wetu, niliyempa jina la Somoe. Ukapaa. Ukawa hewani. Tukaonyeshwa Somoe akiwa mdogo anapigwa na mpira usoni. Tukaonyeshwa mama yake anakosha vyombo vya watu. Tukarudishwa uwanjani, mpira bado uko hewani. Tukaonyeshwa magoti yake yalivyochubuka. Mpira uko hewani.

Fundi Bakari, yule wa baiskeli, akaguna kutoka gogo la nyuma. "Baba Esha, huo mpira umerushwa tangu sijavua kofia. Umenasa kwenye mti?"

Watu wakacheka. Mimi nikaingiwa na hofu ya mwenye banda, hofu ya kwamba watainuka. Nikafanya kosa ambalo ni sisi tu tuliowahi kushika deki tunaoweza kulifanya: nikabonyeza kitufe cha kupeleka mbele. Picha zikakimbia, mistari ikapita, mpira ukaanguka. Nikaachia kitufe, nikanyanyua fimbo, nikasema, "Bao."

Hakuna aliyepiga kofi. Mama Tatu, muuza maandazi, ambaye hakuwa hata ameingia, alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake, akasema, "Rudisha."

"Nirudishe nini, Mama Tatu? Bao si limeingia?"

"Vitu vya kuanguka tunaviona shambani kila siku. Mimi nataka kujua yule mtoto alikuwa anafikiri nini."

Nikamtazama Fundi Bakari nikitaka msaada wa mwanaume mwenzangu. Akaikunja kofia mkononi. "Rudisha, mzee. Na yule Mlingoti anakohoa. Mbona anakohoa? Kwao hawamwoni?"

Nikarudisha. Tukauangalia mpira mmoja ukivuka wavu mpaka jasho likanitoka. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimeona kupatwa kwa jua, nimeona tembo ndani ya shamba la muhogo, nimeona Rashidi akicheka. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Banda limejaa na hakuna anayetafuna. Watu wazima wenye watoto na madeni yao wameshika pumzi kwa ajili ya kiganja cha mtoto wa kuchorwa.

Tukaendelea hivyo kanda baada ya kanda, wanawake nao wakaanza kuja, wakaketi mbele, wanaume wakarudi nyuma bila kuambiwa. Kuna kanda moja nzima ilikuwa Somoe na ukuta tu. Anapiga mpira ukutani, unamrudia usoni, anaanguka. Mvua inanyesha. Viganja vinapasuka, anavifunga kitambaa. Kesho yake ukuta uko palepale na yeye yuko palepale. Mimi sikutafsiri chochote siku hiyo. Kulikuwa na nini cha kutafsiri? Ukuta tunaujua.

Halafu ikaja mechi ya mwisho, na wakafungwa. Mwanangu, upande wetu ulifungwa. Mimi kama mfasiri nikaona siwezi kuwapelekea watu msiba ule, nikanyanyua fimbo nikasema, "Wameshinda."

Fundi Bakari akageuka. "Baba Esha, walioshinda ndio wanalia namna hii?"

Nikashusha fimbo. Pale kwenye televisheni, Mlingoti aliyeshinda akapita chini ya wavu, akaja mpaka mbele ya Somoe, akainama. Akainama mpaka nikadhani kadondosha kitu. Akakaa vile vile ameinama, nywele zinagusa sakafu, na Somoe naye akainama, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Mama Tatu akajifuta kwa pembe ya khanga. Mimi nikazima jenereta nikasema mafuta yameisha. Hayakuwa yameisha. Nilitoka nikasimama nyuma ya banda nikishika ukuta wa makuti, kwa sababu nilikuwa namjua Mlingoti. Nilikuwa nimewahi kucheza naye.

Sasa njoo kwenye daftari lako.

Zile hadithi zako za mwanzo, za akina Belinda wanaokunywa juisi hotelini, siziongelei. Wale watu hawana magoti. Wanapendana kwa macho na machozi tu, hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa chini akatoa mwiba. Kijana ana gari, ana manukato, hana bibi wala mjomba wa kumsema. Lakini hii ya sasa umeiandika juu ya mama yako na mimi, na hii ndiyo mhariri ameitaka, na ndani yake umeandika hivi, nimenakili neno kwa neno: "Athumani alibeba maji kupanda mlima kiangazi kizima, hatimaye akaushinda moyo wa msichana, huku mshindani wake mvivu akifedheheka."

Kiangazi kizima kwa sentensi moja. Umebonyeza kitufe cha baba yako.

Ngoja nikupandishe mlima. Mwaka ule mashine ya maji ilikuwa imekufa, na juu hapa, unajua mwenyewe, ardhi haina kisima. Wanawake walishuka bondeni usiku haujaisha, wakarudi jua liko utosini. Kijana anayetaka kuoa huku kwetu huja kulima shamba la wakwe, ndiyo desturi, na tulikuja wawili kwa msichana mmoja: mimi kutoka Kitangari na Hamisi kutoka Chiwata. Bibi yako, mama wa msichana, akatutazama, akasema kulima kila mtu analima, hata nguruwe analima. "Nileteeni maji." Wanaume, kubeba madebe kichwani mbele ya watu. Kijiji kizima kilitoka kutuangalia. Wasichana wenzake mama yako walikaa kando ya njia kama wale wachezaji wa akiba wanaokaa kwenye benchi, na ninakuambia, nusu ya mlima niliupanda kwa sababu ya vicheko vyao.

Debe la maji kichwani linasema na wewe. Maji yakicheza kushoto, shingo inakwenda kulia. Unaweka kitawi cha majani juu yasimwagike, na kitawi kinakudondoshea matone machoni. Udongo mwekundu unateleza hata ukiwa mkavu. Kuna kona moja ambapo unaiona nyumba, unaona moshi wa jikoni kwa mkweo, na mwili unadhani umefika, kumbe njia inazunguka tena bonde lote. Pale kwenye kona ndipo mtu analia. Mimi nililia pale kila siku, nikajifuta kwa bega.

Hamisi hakulia. Hamisi alipanda mlima ule kama anayesoma, hatua, hatua, bila kuongea. Kila siku alifika kabla yangu, debe limejaa mpaka kitawi kinaelea ukingoni. Akilishusha anasema, "Maji, mama," na anaondoka. Na mimi nafika nyuma nahema, nusu nimejimwagia, nafungua domo langu kuchekesha watu. Siku ya kumi na moja nilijua nimeshindwa.

Siku hiyo bondeni Hamisi alikwenda kuswali kwenye mchanga, akaliacha debe lake tupu karibu na langu. Nilikuwa nimevaa katambuga za matairi. Nikachomoa msumari mmoja kwenye ukanda wake, nikaliinamisha debe la mwenzangu, nikautia ubavuni karibu na kitako, nikapiga kwa jiwe. Mara moja. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayebisha hodi na hataki kufunguliwa.

Esha, hayo nimeyaandika nikasimama, nikaenda kuwatazama kuku, nikarudi. Kalamu ilikuwa bado inaningoja.

Siku ile Hamisi alifika juu na debe nusu. Bibi yako akachungulia ndani. "Wewe wa Chiwata, maji unayanywa njiani au unawagawia nyani?" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kuwashinda. Hamisi akasema, "Njia ni ndefu, mama." Hayo tu.

Kesho yake akaliona tundu. Akaliziba kwa tambara, tambara likatoka. Akaweka kidole. Kile kidole chake cha shahada kilichopinda, ulichokuwa ukikivuta ukiwa mdogo kila akija kututembelea ukimwuliza kama kilizaliwa hivyo. Alikitia ndani ya tundu lenye meno ya bati, akapanda mlima mzima mkono mmoja uko juu umeshika, mwingine umeziba. Siku hiyo nilikuwa mbele yake. Nilimsikia anavyopumua nyuma yangu njia nzima na sikugeuka. Kwenye ile kona yangu ya kulilia sikulia.

Akafika na debe limejaa. Kitawi kinaelea. Na maji yana wekundu, kidogo tu, kama chai iliyotiwa rangi kwa jani moja. Bibi yako akatazama, akasema kwa Kimakonde neno ambalo siliandiki, kisha akasema, "Hatupikii damu," akalipindua debe pale uani. Kiangazi kile, juu ya mlima huu, maji ya safari nzima. Ardhi iliyameza kabla mimi sijameza mate. Hamisi akaliokota debe lake, akalifuta vumbi, akaondoka. Siku iliyofuata alikuja tena, na zote zilizobaki za kiangazi kile, na debe halikuvuja, na mimi nikadhani kapata la kuazima. Lakini bibi yako alikuwa keshasema, na mambo yakawa yangu.

Sasa hili ndilo nililotaka ulione. Hamisi ni mtani wangu, ukoo kwa ukoo. Unajua mtani ana haki gani kwenye harusi. Anaweza kukuita mchawi mbele ya wakweo, anaweza kueleza ulichoiba ukiwa mtoto, na atakayekasirika ndiye mwenye aibu. Siku ya harusi yetu Hamisi akaja, kidole kimefungwa kitambaa, akasimama mlangoni akauziba. Watu wakasogea wakisubiri kucheka. Akasema, "Bibi harusi, umepewa miguu ya korongo. Ukiituma kuchota maji, tandika mkeka ulale, utaamka bado haijarudi." Watu wakavunjika mbavu. Halafu akanitazama. Nikamwona akivuta pumzi.

Mwanangu, katika pumzi ile alikuwa na msumari wangu, alikuwa na bibi yako amekaa hatua tatu, alikuwa na haki yote ya utani ya kusema na asiguswe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na kofia mpya, jasho linanishuka mgongoni. Sijui ilichukua muda gani. Mle ndani ya pumzi mimi nilizeeka.

Akaitoa. Akachukua paja la kuku kwenye sinia yangu, akaanza kucheza ngoma. Hakusema siku ile na hajasema mpaka leo. Huyo ndiye Mlingoti niliyewahi kucheza naye.

Na mimi je? Mimi niliona kanyamaza nikaongea kwa niaba yake. Kwenye kila harusi, kila jando, kila nilipopewa pombe na wasikilizaji, nilisimulia jinsi nilivyobeba maji kiangazi kizima na jinsi yule mvivu wa Chiwata alivyokuwa akiyanywa njiani. Nilisimulia mbele yako tangu unanyonya. Kwa hiyo ukaandika ulichosikia. Mshindani wako ni mbaya bila sababu kwa kuwa sababu niliificha mimi.

Leo asubuhi, ulipokuwa unakunja nguo, nilimfuata mama yako jikoni. Alikuwa anachemsha ming'oko yako ya safari, vile viazi vya porini. Nikazunguka jiko mara mbili, akasema, "Baba Esha, kama unataka kuonja, onja. Usinizungukie kama mwewe."

Nikasema, "Mama Esha, unalikumbuka debe la Hamisi?"

Hakuinua kichwa. "Lenye tundu la msumari?"

Nilikaa chini kwenye majivu. "Ulijua?"

"Nililifuata usiku kwenye nyumba aliyofikia, nikaliziba mimi kwa gundi ya mkorosho. Hukuona lilivyoacha kuvuja?"

"Na ulijua ni nani?"

"Katambuga yako ilianza kupiga kofi kila hatua, pah, pah, msumari haumo. Kwani mimi na Hamisi tulikuwa viziwi?"

Nikamwuliza, sasa kwa nini ulikubali? Akafunika chungu kwanza. Akasema, "Hamisi alitubebea maji msimu mzima hakuniuliza hata jina langu. Alikuwa anambebea mama. Wewe ulikuwa mwongo, lakini ulikuwa unaongea na mimi. Nilitaka mtu wa kuongea naye." Akasukuma kuni. "Ila mwaka wa kwanza nilikuangalia kama ninavyomwangalia mwizi."

"Wa kwanza tu?"

"Na wa pili."

Nimeishi na mwanamke huyu umri wako wote na zaidi, nikidhani ndani ya nyumba hii ninayejua ni mimi. Nilipokuwa nikitamba harusini naye amekaa na wanawake wenzake, alikuwa anaijua kanda yote, mbele na nyuma, na hakubonyeza kitu. Nilikaa kwenye majivu nikimtazama akipuliza moto, na nikuambie ukweli, nilimwogopa, kisha nikataka kumposa upya.

Basi hadithi yako ndiyo hiyo. Si yangu ya kushinda. Mpe Hamisi mama yake kule Chiwata, anayekaa mlangoni akimsubiri arudi na habari. Mpe kidole. Mpandishe mlima taratibu, msomaji aumie shingo. Mwandike msichana akitafuta gundi ya mkorosho kwa siri ili amzibie debe mwanaume ambaye hatamchukua. Ukiweza kuandika mikono yake tu wakati ule, bila neno moja juu ya moyo, mhariri atasimama kwenye kiti chake. Na huyo Athumani mwandike na msumari wake. Usiharakishe kumtubisha. Alikaa miaka mingi bila kutubu na alikuwa akila vizuri.

Nilimwambia mama yako kwamba nitakupa haya uyaandike, ili uende na hadithi yenye uzima, Rashidi na duka lake wakae wasubiri. Akasema, "Mpe. Lakini Hamisi asiyakute gazetini kabla hajayasikia kinywani mwako."

"Akinifukuza je?"

"Basi atakuwa amefungua mdomo."

Kwa hiyo kesho tunapanda basi moja. Usishangae ukiniona stendi nimevaa kanzu ya Idi, na usiniulize kitu njiani, maana nitakuwa nafanya mazoezi kimoyomoyo na mimi nikiongeleshwa huwa nageuza kila kitu kuwa mzaha. Basi likifika Masasi nitashuka, nitafute mtu wa baiskeli wa kunifikisha Chiwata. Wewe utaendelea. Nitakugongea dirisha mara moja tu, usitoe kichwa nje.

Usingoje barua yangu ndipo uanze kuandika, kiangazi hakitakungoja. Andika mpaka pale ambapo mzee anasimama kando ya njia kule Chiwata, mwenye nyumba anatoka, anajifuta mikono, anamtazama, na mgeni bado hajajua ataanza na neno gani. Hapo pumzika. Mbele ya hapo hata mimi sina.

Nasikia viatu vyako hivyo vinakuja. Ngoja nikorome.

Ni mimi baba yako,
Athumani